Mbwa Asiyependa Kushikwashikwa: Hotuba kwa Wafugaji

Mabibi na mabwana, ndugu wafugaji, asanteni kwa kunikaribisha.

Niliombwa nizungumzie mbwa wenye tabia ngumu. Mada hiyo ni pana mno, tungelala hapa. Kwa ruhusa ya mwenyekiti nimeipunguza. Nitazungumzia mbwa wa aina moja tu, na pengine baadhi yenu mtashangaa kwa nini aitwe mgumu. Anakula vizuri. Anacheza. Akiitwa anakuja. Hajamuuma mtu. Ila ukinyoosha mkono umpapase kichwani, anakwepa. Ukimkumbatia anakakamaa mwili mzima mpaka umwachie. Ukikaa naye kwenye kochi anashuka, anajilaza hatua mbili tatu kutoka ulipo, halafu anakutazama.

Wenye mbwa wa namna hii huwa hawatafuti msaada. Mwenye mbwa anayeuma hutafuta. Anayetafuniwa viatu hutafuta. Huyu wetu huona haya. Husubiri mkutano uishe, watu watawanyike, ndipo aje pembeni aniambie, "Mwalimu, mbwa wangu hanipendi." Wanaoniambia hivyo ni watu wazima na akili zao, na wengine machozi huwalengalenga. Nimekuja kulipinga neno hilo, kwa sababu mara nyingi si kweli, na kwa sababu anayeliamini huanza kumfuatafuata mbwa ili athibitishiwe penzi, na mbwa huyo huzidi kumkimbia.

Niseme msimamo wangu mapema, anayetaka kubishana ajiandae. Kushikwa kwa mbwa ni kwa namna mbili. Kuna kushikwa kwa lazima: kuvishwa ukanda wa shingoni, kutolewa kupe, kukatwa kucha, kuangaliwa jeraha, kupimwa na daktari. Hilo sharti mbwa afundishwe, maana uhai wake umo humo. Na kuna kushikwa kwa raha, ambako mara nyingi raha yenyewe ni ya mshikaji. Hilo la pili mbwa hana deni nalo kwa mtu. Lakini angalieni tunavyofanya. Tunahangaika miezi na miezi ili mbwa akubali kukumbatiwa, na siku ya kumkata kucha tunaita watu watatu wamkandamize sakafuni. La hiari tumeligeuza lazima, na la lazima tumeliacha bila kulifundisha.

Tuanze na kukumbatia, kwa kuwa ndiko kunakotuuma zaidi.

Binadamu hukumbatia. Sokwe nao hukumbatiana, hasa baada ya ugomvi au wakiwa na hofu. Ni jambo la viumbe wenye mikono. Mbwa ana miguu minne, na akimpandishia mwenzake miguu ya mbele mabegani, basi ama wanacheza, ama anataka kumpanda, ama anamjaribu ubavu. Faraja haimo humo. Mbwa wawili wenye adabu wakikutana hawaendi kifua kwa kifua. Kila mmoja huzunguka kidogo, hutazama pembeni, hunusa ubavuni na nyuma, kisha huachana. Sisi tunamwendea mnyama huyo moja kwa moja, tunamkazia macho, tunamwinamia, tunamshushia kiganja kutoka juu mahali asipokiona, halafu tunamfunga kwa mikono miwili asiweze kuondoka. Na tunacheka tukiwa tumemwonyesha meno! Kusema kweli, ninachostaajabia ni kwamba mbwa wengi hivyo hutuvumilia.

Mwaka 2016 mwanasaikolojia Stanley Coren alikusanya picha 250 za watu waliokumbatia mbwa, picha ambazo watu wenyewe walizitoa hadharani kwenye intaneti. Alitafuta dalili za usumbufu kwenye uso na masikio ya mbwa. Zaidi ya asilimia 80 ya mbwa hao walionyesha angalau dalili moja. Naongeza haraka kwamba hiyo haikuwa tafiti iliyopitiwa na wataalamu wenzake kabla ya kutolewa. Ilikuwa hesabu yake mwenyewe, aliyoiandika kama makala, na wapo walioikosoa kwa haki. Kwa hiyo asilimia hiyo sitaing'ang'ania. Ninachokiona mimi ni kwamba hizo ni picha ambazo watu walizichagua. Walizitazama, wakaona furaha, wakazitoa. Kama hali ni hiyo, basi wengi wetu hatujui kuusoma uso wa mbwa tunayeishi naye.

Sasa nisije nikaonekana navutia upande wangu tu. Mbwa wengi hupenda kupapaswa, tena sana. Mwaka 2015 Erica Feuerbacher na Clive Wynne walichapisha utafiti ambao mbwa waliwekwa kati ya mtu anayewapapasa na mtu anayewasifu kwa maneno matupu. Walikaa na anayepapasa. India, mwaka 2017, watafiti walionyesha kwamba mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe walijenga imani kwa mtu mgeni kwa kupapaswa kuliko kwa kupewa chakula. Mbwa wa mitaani, ambaye njaa anaijua! Basi siwezi kusimama hapa niseme kwamba mbwa kwa asili yao hawataki mkono wa mtu. Wanautaka. Wa kwako ndiye hautaki, na ndiyo maana inauma, kwa kuwa wa jirani anajitupa chali kila akiona kiganja.

Kwa nini wa kwako hataki? Hapa naomba subira, maana sababu haziko sawa kwa uzito.

La kwanza kuliulizia ni maumivu. Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa tabia za wanyama wakiongozwa na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliandika kwamba kati ya mbwa wanaoletwa kwao kwa matatizo ya tabia, kwa makadirio ya chini kabisa theluthi moja wana jambo linalowauma mwilini. Theluthi moja! Mbwa hulalamika kidogo kuliko anavyoumwa. Sikio lenye uchafu uliooza ndani, jino lililopasuka, nyonga mbovu, mgongo, ngozi inayowasha chini ya manyoya mazuri: yote hayo humfanya akwepe mkono, na wewe huoni kidonda chochote. Mkwepo wa namna hii mara nyingi una mahali pake. Anakuruhusu kifuani, anakataa kiunoni. Anakubali asubuhi, jioni baada ya kukimbia anakataa. Mtazame anavyoinuka akitoka kulala. Mtazame kwenye ngazi. Je, kuna mguu mmoja anaoulamba kila mara? Na kama alikuwa mbwa wa kubembelezwa kisha akaacha ghafla, usije kwangu wala kwa mwalimu mwingine yeyote. Nenda kwa daktari wa mifugo kwanza. Kumfundisha mbwa anayeumwa avumilie kushikwa panapomuuma ni ukatili, hata kama unampa nyama kila mara.

La pili ni utoto wake. Watoto wa mbwa wana dirisha la kuzoea dunia, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au ya 14 tangu kuzaliwa. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lao, ambalo watoto wa mbwa walilelewa kwenye uwanja wenye uzio mrefu bila kushikwa na watu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja moja katika umri tofauti ili wazoeane na binadamu. Waliobaki humo hadi wiki ya 14 bila kuguswa waliwakimbia watu kama wanyama wa porini, na hata walipofundishwa baadaye hawakuwafikia wenzao. Kwa hiyo ukimchukua mbwa wa miezi sita aliyekulia nyuma ya ghala, mbwa ambaye mkono wa kwanza kumgusa ulikuwa wa kumkamata, unaanza safari mahali ambapo wenzako hawakuanzia. Upole wako utasaidia, na utasaidia sana. Ila dirisha lile hulifungui upya.

Watu wengi hudhani mbwa wa namna hii lazima alipigwa. Wengine walipigwa, ndiyo. Lakini wengi hakuna aliyewafanyia ubaya. Hakuna aliyewafanyia chochote, na hilo ndilo lililowaharibia.

Aina za mbwa nitazipitia mbio. Wapo wenye sifa ya kujitenga, kama chow chow, shiba inu, basenji. Sifa hiyo haikutoka hewani, lakini msiitegemee. Utafiti mkubwa uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022, wenye taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia hurithiwa, ila mbwa hairithi kwa kufuata jina la aina yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja atalala mapajani mwako, mwingine atalala mlangoni.

Kisha yapo mambo madogo ambayo watu hawayafikirii kabisa. Joto: mwili wa mbwa mzima wa afya una nyuzi 38.3 hadi 39.2, juu kuliko wetu, na hatoi jasho kama sisi. Kumkumbatia mbwa mwenye manyoya mazito wakati wa joto ni kumvika blanketi. Umeme wa hewa kavu: unamgusa puani, cheche inaruka, na yeye anaamini wewe ndiye uliyemchoma. Mikono yenye harufu ya manukato au ya dawa ya kuua vijidudu. Uzee: mbwa aliyeanza kuwa kiziwi haogopi kiganja chako, anaogopa kiganja kilichotokea bila kutangulizwa na sauti. Huyo dawa yake ni rahisi. Mwendee kwa mbele, kanyaga kwa kishindo kidogo, akuone kwanza.

Nirudi kwenye kusoma uso. Mbwa husema hapana mapema, kwa upole, na mara nyingi mfululizo. Hugeuza kichwa. Hulamba midomo na hakuna chakula. Hupiga miayo na hana usingizi. Hulaza masikio nyuma. Huinua mguu mmoja wa mbele. Hugeuza jicho hadi weupe wake unaonekana pembeni, kichwa kikiwa hakijasogea. Baadaye huganda. Mbwa aliyeganda chini ya mkono wako hajatulia, tafadhalini sana! Ukimwachia utaona anajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini, na manyoya ni makavu. Daktari wa mifugo Kendal Shepherd wa Uingereza alizipanga dalili hizi kama ngazi, kutoka kupepesa macho na kulamba pua hadi kunguruma, kutaka kuuma, na kuuma. Mbwa huanzia chini. Hupanda ngazi pale anapoona huku chini hasikilizwi.

Kwa sababu hiyo nawasihi: msimpige wala msimkaripie mbwa anayenguruma. Najua inatia hasira, umemnunulia godoro, umemlea, halafu anakungurumia. Lakini mbwa aliyepigwa kwa kunguruma haachi kuchukia mkono wako. Anaacha tu kukuarifu. Siku nyingine ataruka ngazi ile, na watu watasema aliuma bila dalili. Akinguruma, ondoa mkono, mwache aende, kisha kaa ufikiri nini kilichomfikisha hapo.

Sasa, penzi. Tutalijuaje bila kushikana?

Mwaka 1998 watafiti wa Budapest, József Topál, Ádám Miklósi na wenzao, walichukua jaribio linalotumiwa kupima jinsi watoto wachanga wanavyofungamana na mama zao, wakalifanya kwa mbwa na wenye mbwa. Mbwa anaingia chumba asichokijua pamoja na mwenyewe. Mgeni anaingia. Mwenyewe anatoka, anarudi. Walichokiangalia kilikuwa vitu kama hivi: mbwa anacheza na kuchunguza chumba zaidi wakati gani? Anasimama mlangoni nani akitoka? Nani akirudi anamkimbilia haraka? Mbwa walionyesha kumfungamania mwenyewe kwa namna inayofanana na ya mtoto kwa mzazi.

Tumieni vipimo hivyo hivyo nyumbani. Mbwa wako huhama chumba ukihama? Si lazima akufuate miguuni, pengine huja dakika chache baadaye, kana kwamba alikuwa na shughuli zake huko huko. Hulala usingizi mzito, ubavu chini, mkiwa chumba kimoja? Mnyama mwenye hofu halali hivyo. Kukitokea kitu cha ajabu njiani, hugeuka kukutazama kabla ya kuamua? Hukuletea kitu mdomoni? Ukitoka hubaki akitazama mlango? Mbwa akijilaza hatua mbili kutoka miguuni kwako, nawe ukaona amekutenga, fikiria kwamba nyumba nzima ilikuwa wazi na yeye akachagua pale.

Kuna mama mmoja alinijibu nilipomweleza haya: "Sawa Mwalimu, lakini mimi nilichukua mbwa ili nimkumbatie." Nampa heshima yake kwa kusema wazi. Ni haja halali. Mtu anayeishi peke yake, anayeguswa na mwenzake mara chache sana, anapochukua mnyama ana tumaini fulani, na tumaini hilo si la kuchekwa. Lakini mbwa hakuwepo mlipopatana. Hana habari ya hayo mapatano.

Basi tufanyeje? Kwa upande wa raha, kazi ni kumpa mbwa usukani. Kaa chini, usimwelekee moja kwa moja, mkono uwe chini. Usimwite. Akija mwenyewe akanusa akaondoka, umepewa salamu, ikutoshe. Akija akabaki, mguse kifuani au ubavuni mwa shingo, kwa nje, wala si juu ya kichwa, si makucha, si mkia. Hesabu moja, mbili, tatu. Ondoa mkono. Hapo sasa mwangalie. Akisogea, akakugonga kwa pua, akakuegemea, ameomba tena. Akisimama tu, akatazama pembeni, akalamba midomo, amesema imetosha. Nanyi mjue kwamba jibu la leo si la kesho. Mtu mmoja aliniambia njia hii inamchosha kwa sababu kila mara ni kama kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nilimwambia ndivyo ilivyo, abishe hodi.

Na mjaze siku yake kwa mambo mengine ya pamoja. Matembezi marefu ya kunusa, kamba ikiwa imelegea, yeye akichagua njia na muda wa kusimama. Kutafuta chakula ulichokificha. Kuvutana kamba. Kumfundisha kazi ndogondogo kwa maneno na ishara za mkono. Wapo mbwa wasiotaka kuguswa hata kidogo wanaoweza kufanya kazi na wewe saa nzima macho yakiwa yamewaka. Ongea naye pia. Ongea tu, kwa sauti ya kawaida, ukiwa unapika au unafua. Na ukimtazama, mtazame kama unavyomtazama rafiki mezani, halafu upepese macho, uangalie kwingine. Kumkodolea humtia wasiwasi.

Upande wa lazima ndio unaohitaji jasho, na hapa sitaki mtu aniambie "mbwa wangu ni wa hivyo hivyo." Mbwa asiyependa kushikwa anahitaji mafunzo haya kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa siku akivunjika mguu atashikwa tu, na wageni wa kumshika hawatakuwa na muda wa kumbembeleza.

Njia ninayoipenda ni ya kidevu. Kunja taulo, iweke kwenye kiti kifupi au kwenye paja lako. Kila anapoweka kidevu juu yake, anapata kipande kidogo cha kitu anachokipenda. Mwanzo sekunde moja. Baadaye mbili, tano, kumi. Mkono wako bado haujafanya lolote. Akishaelewa kwamba kidevu kikikaa zawadi inakuja, anza kusogeza mkono hewani, upande wa sikio, bila kugusa. Lipa. Gusa sikio nusu sekunde. Lipa. Likunjue. Lipa. Na sharti kuu la mchezo ni hili: akiinua kidevu, kila kitu kinasimama. Hapo hapo. Humrudishi kwa nguvu, humkaripii, unasubiri akirudishe mwenyewe. Kidevu chake ni swichi, na yeye ndiye anayeiwasha na kuizima. Watu huniambia, ukimpa ruhusa ya kukataa atakataa siku zote. Kinachotokea huwa kinyume. Mbwa anayejua anaweza kuondoka hukaa muda mrefu zaidi.

Kucha fanya moja. Si mguu mmoja, kucha moja, leo. Mkasi wa kucha auone, aunuse, ausikie ukikata kijiti kikavu, siku kadhaa kabla haujakaribia mguu wake. Kupe na miiba fanya ukaguzi kila jioni kwa mpangilio ule ule, na kila sehemu ipe jina, "sikio," "mguu," "mkia," ulitamke kabla hujagusa. Mbwa wa namna hii huchukia zaidi asichokitarajia. Ukimtangulizia neno, nusu ya hofu imekwisha.

Mfundisheni pia kuvaa kifunga mdomo, kile cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Watu wanakiona aibu. Mimi naona aibu ni kwa daktari kuumwa na mbwa ambaye mwenyewe alijua hapendi kushikwa na akanyamaza. Weka chakula ndani ya kikapu, aingize pua kwa hiari yake, usikifunge kwa haraka. Na mkifika kwa daktari semeni mapema: mbwa wangu hapendi kuguswa mgongoni, naomba tusubiri nje mpaka zamu yetu ifike, naomba apimwe chini sakafuni badala ya mezani. Daktari makini atashukuru. Kwa baadhi ya mbwa atashauri dawa ya kutuliza inayotolewa nyumbani kabla ya safari, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Watoto na wageni. Hapa sina maneno mengi wala sina mjadala. Mtoto mdogo hakai peke yake na mbwa, na kwa mbwa huyu ndiyo kabisa. Mbwa aliyelala, anayekula, au aliyejificha haguswi na mtoto. Mpe mbwa mahali pake ambapo hakuna anayemfuata, mtoto wala mgeni wala wewe. Mgeni anayesema "mbwa wote hunipenda" ndiye wa kumwangalia kuliko wote, huyo mwekeni kiti cha mbali. Na meno yakigusa ngozi ya mtu hata kidogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali, bila kuona haya. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla sijakaa, kuna swali liliandikwa kwenye karatasi: je, mbwa wangu atabadilika?

Wengine hubadilika. Mbwa aliyekuwa na jino bovu hubadilika jino likitoka. Aliyekuwa akishikwa kwa nguvu, akiachwa, mara nyingine baada ya muda mrefu huja mwenyewe kukuegemea mguuni, nyakati za ajabu, hasa usipokuwa na nafasi. Wengine husogea kutoka hatua tatu hadi moja, wanaishia hapo. Na wengine watakufa wa uzee hawajawahi kutaka kukumbatiwa, na walikuwa mbwa wazuri, wenye watu wazuri. Sitawapa muda wala ratiba, kwa kuwa ukishahesabu siku, mbwa anageuka mtihani, nawe utaanza kumnyooshea mkono ili kuangalia kama amefaulu.

Aliyeandika swali aje baadaye anieleze umri wa mbwa wake, na kama daktari ameshamtazama masikio. Nani mwingine ana swali? Yule kaka wa nyuma, naona umeinua mkono tangu nilipotaja wageni.